DUKA HILI NI LA NANI?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa hapa kwa ombi la ndugu waliokuwa zamu siku ile.)



Katika mkutano uliopita ndugu mmoja wa karakana aliuliza swali, nalo halikujibiwa kwa kuwa saa zilikuwa zimekwisha. Aliuliza hivi: mwenye duka akija kwetu kuomba kura, tumpe au tumnyime? Wengine walicheka. Wengine walisema apewe, maana anajua fedha. Wengine walisema anyimwe, maana atatupima na kutuuza kama sukari.

Mimi sikucheka, kwa sababu jina langu limo katika daftari la duka, na nadhani majina ya wengi waliokaa hapa yamo pia. Mtu anayekukopesha unga tarehe ishirini, ni vigumu kumwambia hapana siku ya kura.

Sitaki kujibu kwa mifano ya hapa petu, tusije tukagombana kwa majina ya watu. Nitawapeleka mbali, katika kisiwa ambacho hakuna hata mmoja wetu mwenye shemeji huko. Kisiwa hicho huitwa Guam. Huko watu wa biashara wamegombea vyeti tangu zamani, wengine wakafanya mambo makubwa, na mmoja mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Tukitazama kwa wenzetu, labda tutajiona na sisi.

Guam iko katika bahari ya Pasifiki, upande wa magharibi. Urefu wake ni kama maili 30 tu. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2020 walikuwa watu 153,836. Wenyeji wa asili ni Wachamorro. Wahispania waliwatawala zaidi ya miaka 200, kisha mwaka wa 1898, baada ya vita, Marekani ikakichukua kisiwa. Hata leo ni cha Marekani, lakini si jimbo la Marekani. Watu wake ni raia, lakini wakikaa kisiwani hawampigii Rais kura. Humchagua mjumbe mmoja aende katika Bunge kule Washington. Mjumbe huyo husema, na hukaa katika kamati, lakini sheria inapopitishwa mwisho, yeye hana kura. Tangu mwaka wa 1946 Umoja wa Mataifa umeiandika Guam katika orodha ya nchi zisizojitawala wenyewe.

Sasa mfikirie mwenye duka mdogo katika kisiwa kama hicho. Karibu kila kitu anachouza kinatoka ng'ambo. Sisi watu wa reli twajua kwamba bei ya kitu haifanywi dukani tu, bali pia njiani. Iko sheria ya Marekani ya mwaka wa 1920 isemayo kwamba mzigo utokao bandari ya Marekani kwenda bandari nyingine ya Marekani uchukuliwe na meli yenye bendera ya Marekani. Sheria hiyo inafika mpaka Guam, nayo iko maelfu ya maili baharini. Mwenye duka hawezi kuibadili, wala mjumbe wake hana kura ya kuibadili. Basi msishangae mtu wa duka akiona kwamba kukaa nyuma ya meza hakutoshi, akaamua kugombea kiti. Si kila mara ni tamaa. Pengine ni kwamba kiatu kinambana yeye kama kinavyotubana sisi.

Turudi nyuma kidogo. Tangu Marekani ilipokichukua kisiwa, mtawala alikuwa Jeshi la Maji. Ofisa wa jeshi ndiye aliyekuwa Gavana, yeye ndiye aliyetoa amri, na mahakama yalikuwa chini ya mkono wake. Mwaka wa 1917 wenyeji walipewa baraza, lakini lilikuwa baraza la kushauri tu, na wajumbe wake walichaguliwa na Gavana mwenyewe. Ilipofika mwaka wa 1931 watu wakaruhusiwa kuwachagua wajumbe, ila kazi ilikuwa ile ile ya kushauri. Mjumbe alisema, Gavana alisikia, kisha Gavana alifanya alivyotaka. Ndugu wazee wanaokumbuka kamati za zamani za wafanya kazi, zile zilizoitwa kunywa chai na wakubwa badala ya kuongezewa mshahara, wataelewa upesi.

Mwaka wa 1936 watu wawili wa baraza hilo walisafiri kwenda Washington kuomba wenyeji wapewe uraia. Mmoja aliitwa Francisco B. Leon Guerrero. Wa pili aliitwa Baltazar J. Bordallo, naye alikuwa mfanyabiashara. Nauli yao ilichangwa na watu wa kisiwa. Walifika, wakaonana na Rais Roosevelt, na mswada ukaletwa. Lakini Jeshi la Maji lilipinga, na mswada ukafa. Wakarudi mikono mitupu.

Hata hivyo nataka mshike neno moja hapa. Mfanyabiashara huyu alisafiri kwa fedha ya watu. Mtu akisafiri kwa fedha yake, akirudi anaweza kukaa kimya. Akisafiri kwa senti za wanavijiji, ni lazima asimame mbele yao aseme: nilikwenda, nilisema hivi, nikajibiwa hivi. Chama chetu ni hivyo hivyo. Kwa nini twatoa ada ya chama kila mwezi? Si kwa kulipia karatasi tu. Twatoa ili Katibu awe wetu. Mtu hula kwa nani, huko ndiko atakakotoa hesabu.

Kisha vita vikaja. Wajapani waliitwaa Guam mwezi wa Desemba 1941, na watu waliteseka sana mpaka Wamarekani waliporudi Julai 1944. Baada ya vita Jeshi la Maji lilichukua ardhi nyingi ya kufanyia kambi. Kulikuwa na mji wa bandari ulioitwa Sumay, mji wa biashara na wa watu wa kazi. Watu wa Sumay hawakuruhusiwa kurudi kwao. Walipelekwa kukaa mlimani, mahali paitwapo Santa Rita, na pale penye nyumba zao pakawa kambi ya manowari. Hata leo zaidi ya robo ya kisiwa imo mikononi mwa majeshi. Na katika kazi za Jeshi la Maji, Mmarekani aliyetoka bara alilipwa kiwango kimoja na mwenyeji kiwango kingine cha chini kwa kazi ile ile. Habari hiyo haituhitaji mkalimani. Wazee wetu wa reli walikuwa na ngazi ya Mzungu, ngazi ya Mhindi, na ngazi ya Mwafrika, na nyundo ilikuwa moja.

Katika mji huo wa Sumay alizaliwa mwaka wa 1908 mtu aitwaye Antonio B. Won Pat. Alikuwa mwalimu wa shule, na akaingia katika baraza kabla ya vita. Vita vilipokwisha, mwaka wa 1946, aliunda kampuni ya biashara, naye akawa mkuu wa kampuni hiyo. Hakuacha siasa. Alichaguliwa kuwa Spika wa Baraza la chini. Basi huyu hasa ndiye mtu wa swali letu: mkono mmoja umeshika daftari la biashara, mkono wa pili umeshika nyundo ya Spika.

Mwaka wa 1949 ndipo jambo kubwa lilipotokea, na lilianzia katika duka dogo la nguo za wanawake. Sheria ilikataza Wamarekani fulani, kama waajiriwa wa Jeshi la Maji, wasifanye biashara kisiwani. Lakini watu walinong'ona kwamba wako wanaofanya kwa mlango wa nyuma: jina juu ya mlango la mwenyeji, fedha iliyo ndani ya mgeni. Mwenyeji ni pazia tu. Baraza likaamua kuchunguza. Likamwita Mmarekani mmoja, mwajiriwa wa Jeshi la Maji, aje ajibu swali fupi: duka hili ni la nani?

Yule bwana alikataa kujibu. Baraza likatoa amri akamatwe kwa kulidharau. Gavana akazuia, akisema baraza halina nguvu hiyo juu ya raia wa Marekani.

Ndugu zangu, tazameni vizuri mahali hapo. Kuna methali isemayo, biashara haigombi. Ni methali nzuri kwa duka. Mwenye duka akigombana na wateja atafunga. Yeye humsalimu mlevi, humsalimu askari, humsalimu hata yule anayemdai mwaka mzima, na wote huwaambia karibu. Na katika Guam ya siku zile mteja mkubwa kuliko wote, mwajiri mkubwa kuliko wote, na mtoaji wa ruhusa zote alikuwa ni yule yule, Jeshi la Maji. Mtu wa biashara mwenye akili ya biashara tu angesema: jamani, tuyaache haya, ni duka la nguo tu, tusimuudhi mkubwa.

Won Pat na wenzake hawakusema hivyo. Tarehe 5 Machi 1949 wajumbe wa Baraza walisimama wakatoka nje, wakasema hawatarudi mpaka Bunge la Marekani liwape wenyeji sheria yao wenyewe na haki zao. Mjumbe mmoja, Carlos Taitano, alikuwa amekwisha kupatana na waandishi wa magazeti, na habari ikapelekwa upesi ikachapwa Marekani. Gavana alitangaza kwamba vyeti vyao vi wazi, akataka wengine wachaguliwe mahali pao. Watu wa vijiji wakakataa kuweka watu wengine. Mwisho Gavana ikambidi awarudishe wale wale.

Sisi twaliita jambo hilo mgomo, na ulikuwa mgomo safi. Haukuvunja kioo hata kimoja. Ulifaulu kwa sababu tatu: waliogoma walikuwa pamoja, habari ilitoka nje, na hapakupatikana mtu wa kuingia mahali pao. Kila mgomo uliopata kushinda katika nchi yoyote utauona una mambo hayo matatu, na kila ulioshindwa utaona moja limekosekana.

Mwaka huo huo utawala wa Jeshi la Maji ukaanza kuondolewa, na Gavana raia akawekwa. Tarehe 1 Agosti 1950 Rais Truman alitia sahihi sheria ya kuunda serikali ya Guam. Wenyeji wakawa raia, wakapata Baraza lao la kutunga sheria. Kile kilichokataliwa mwaka wa 1936 kilipatikana, na mlango wake ulikuwa ni swali la duka. Haikuwa haki yote. Gavana aliendelea kutumwa kutoka Washington, na wananchi walimchagua wao wenyewe kwa mara ya kwanza mwaka wa 1970. Won Pat alikuwa Spika miaka mingi, na mwaka wa 1973 akawa mjumbe wa kwanza wa Guam katika Bunge la Marekani, yule asiye na kura ya mwisho. Alikaa miaka 12 mpaka aliposhindwa kwa kura chache mwaka wa 1984. Leo uwanja wa ndege wa kisiwa unaitwa kwa jina lake. Lakini Sumay alikozaliwa bado ni kambi.

Wale ndugu waliosema mwenye duka apewe kura wanaweza sasa kupiga makofi. Ngojeni kidogo. Hadithi ina nusu ya pili.

Yule Baltazar Bordallo aliyesafiri mwaka wa 1936 alikuwa na mwana aitwaye Ricardo. Huyu naye akawa mtu wa biashara, aliuza magari. Akaingia katika Baraza, kisha akagombea ugavana. Alishindwa mwaka wa 1970, akashinda mwaka wa 1974. Alikipenda kisiwa chake na lugha ya Wachamorro. Mwaka wa 1975 vita vya Vietnam vilipokwisha, wakimbizi zaidi ya 100,000 walipitia Guam, na kisiwa kile kidogo kikawapokea. Mwaka wa 1978 alishindwa na mfanyabiashara mwingine, Paul Calvo. Mwaka wa 1982 akamshinda Calvo, akarudi katika kiti.

Mwaka wa 1986 Gavana Bordallo alishitakiwa katika mahakama ya Marekani kwa mambo ya rushwa na mengineyo. Mwaka huo huo akashindwa katika uchaguzi. Mwaka wa 1987 alionekana ana hatia. Alipokata rufani, mashtaka mengi yalifutwa, yakabaki mawili, ya kuingilia mashahidi na kupanga kuzuia haki isitendeke. Akahukumiwa kifungo. Tarehe 31 Januari 1990, siku aliyotakiwa kusafiri kwenda gerezani bara, alijitoa uhai mbele ya sanamu ya chifu wa kale wa kisiwa.

Sisemi haya kumcheka marehemu, wala mimi si hakimu wake. Wako watu wa Guam wanaomlilia mpaka leo. Nasema kwa sababu ni vibaya sana watu kungoja hesabu mpaka iletwe na polisi. Hesabu ikiulizwa mapema na watu wenyewe, kwa upole na kila mwaka, humsaidia hata yule anayeulizwa. Wale tuliosoma shule ya misheni twakumbuka habari ya wakili aliyeitwa ghafla atoe hesabu ya kazi yake. Nilipokuwa mtoto niliona ni habari ya mtu mwizi tu. Sasa najiuliza: bwana wake naye alikuwa wapi miaka yote ile, hakuyatazama madaftari?

Basi nirudi kwa swali la ndugu wa karakana. Mwenye duka apewe kura au anyimwe? Mimi nasema duka si dhambi wala si sifa. Baba na mwana walikuwa wa biashara, Won Pat alikuwa wa biashara, na Calvo pia. Duka halikutuambia nani atasimama na nani ataanguka. Wala tusijidanganye kwamba mfanya kazi akipewa kiti atakuwa malaika. Wako walioingia kwa jasho la wafanya kazi, na sasa hata mlango wa ofisi ya chama wameusahau. Wakija kwetu, wote tuwaulize maswali haya, na kama hawataki kujibu tutoke nje kama watu wa Guam.

La kwanza: duka hili ni la nani? Yaani, fedha unayoitumia kutuomba kura umepewa na nani, na huyo anangoja nini? Jina lililo juu ya mlango halitoshi.

La pili: ukikaa katika kiti, serikali itanunua saruji, mafuta na chakula cha hospitali. Je, duka lako litauza kwa serikali? Kama litauza, nani atakayepima bei, wewe au mwingine?

La tatu: mteja wako mkubwa ni nani, na je, uko tayari kugombana naye kwa ajili yetu? Hili ndilo kubwa. Biashara haigombi, lakini kiti pengine hutaka kugombana. Asiyeweza, abaki dukani, nasi tutaendelea kununua kwake bila chuki.

La nne: wafanya kazi walio dukani mwako, yule kijana abebaye magunia na yule mama afagiaye, wanalipwa nini, na je, wana ruhusa ya kuingia chama? Msiulize yeye peke yake. Waulizeni na wao.

Na liko moja la kujiuliza sisi wenyewe. Deni la unga ni deni la unga. Lipeni kwa fedha mwisho wa mwezi, kila senti, na kumshukuru mwenye duka kwa kuwa alituamini. Lakini lisilipwe kwa kura. Kura si yako peke yako hata uiweke rehani. Ukiitoa kwa kilo mbili za unga, umetoa na ya mtoto wako, na ya mjane wa jirani, na ya yule kijana wa magunia ambaye hakuna aliyemuuliza.

Mwezi ujao, Mweka Hazina wetu atasoma hesabu za tawi. Mara iliyopita tulikuja watu kumi na wanne. Tukitaka kuwauliza wakubwa maswali, tuanze kwa kuhudhuria hesabu yetu wenyewe. Njoni wote, na kila mtu aje na swali lake.

Umoja ni nguvu.